Miaka minne ya naiti, na mwili bado haujazoea

"Daktari, salaam. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Malindi, nina miaka 33. Mwaka wa nne huu napangwa naiti: wiki nzima usiku, siku chache za mapumziko, kisha mchana, halafu narudishwa usiku tena. Naingia saa kumi na mbili na nusu jioni, natoka saa mbili asubuhi nikishakabidhi ripoti. Nikifika nyumbani niko hoi, lakini nikijilaza nalala saa tatu, nne kwa bahati, kisha macho wazi. Chumba kina joto, mwanangu wa miaka mitatu ananigongea mlango, na mavyaa wangu haelewi mtu mzima anayelala saa tano mchana; kwake huo ni uvivu. Wenzangu waliniambia nitazoea. Siku hizi nameza Piriton mbili nikitoka kazini ili nilale. Wiki jana nilisinzia nyuma ya bodaboda, nikashtuka naning'inia. Na usiku mmoja, kama saa kumi, nilipiga hesabu ya dawa mara tatu na kila mara ikatoka jibu jingine, mpaka nikamwita mwenzangu. Tena nimesoma kwamba kazi ya usiku inaleta saratani. Je, mwili wangu una kasoro? Niombe kuondolewa usiku, au niache uuguzi kabisa?"

Salama, dada yangu, na pole kwa kazi. Nitaanza na lile la bodaboda, ingawa umelitaja katikati kama jambo la kupita. Kusinzia ukiwa umepakiwa ni dharura. Ubongo uliochoka huzimika sekunde tatu, nne, pengine macho yakiwa wazi, na mwenyewe hana habari mpaka ashtuke. Kuanzia kesho ukitoka naiti panda tuktuk, kaa katikati ya kiti, mwambie dereva umetoka kazi ya usiku akuamshe mkifika. Nauli inazidi ya pikipiki, najua, na mwisho wa mwezi inaonekana. Lipa. Mkiwa wauguzi wawili watatu mnaoelekea mitaa ya Barani au Muyeye, changeni. Na chombo chochote cha kuendesha mwenyewe, wiki ya naiti usikiguse.

Sisemi haya kukutisha. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima watu waliokesha. Baada ya saa 17 bila kulala, wepesi wao wa kutenda ulikuwa umeshuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ilipokaribia saa 24, ukawa sawa na asilimia 0.10. Sasa hesabu usiku wako wa kwanza wa naiti. Umeamka alfajiri saa kumi na moja, umeshinda na mtoto, jioni umeingia kazini, unatoka saa mbili asubuhi. Ni saa 27.

Tuje kwenye swali lako lenyewe. Mwili wako hauna kasoro, na hilo la "utazoea" ndilo lililokupotezea miaka minne. Umekuwa ukingoja kitu ambacho hakiji, na kila kisipokuja unajilaumu.

Usingizi una nguvu mbili zinazouendesha. Ya kwanza ni deni. Kila saa unayokaa macho, kemikali iitwayo adenosini inajikusanya ubongoni, na inavyozidi ndivyo usingizi unavyokuelemea. Ukilala, deni linalipwa. Ya pili ni saa ya mwili: kifungu kidogo cha seli, takriban 20,000, chini kabisa ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho mawili inapokutana. Ndani ya seli hizo jeni zinawaka na kuzima kwa mzunguko wa karibu saa 24. Wamarekani watatu walioufumbua utaratibu huo, kwa kuchunguza nzi wa matunda, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Usiku saa hiyo ya mwili huruhusu melatonini, homoni ya usiku, imwagike katika damu na hushusha joto la mwili, mpaka likafika chini kabisa mnamo saa kumi alfajiri. Kisha huanza kupandisha kila kitu: joto, homoni, mapigo ya moyo, njaa. Haikuulizi kama umelala.

Ndiyo maana ukijitupa kitandani saa tatu asubuhi unazama papo hapo, kwa sababu deni ni kubwa. Saa saba mchana deni limepungua, na saa ya mwili iko kwenye nguvu zake ikikwambia inuka. Hizo saa tatu, nne zako ndizo hizo hizo za wauguzi wa usiku dunia nzima. Usingizi wa mchana kwa kawaida hupungukiwa na saa moja mpaka nne ukilinganishwa na wa usiku. Kulala mchana ni kwenda joshi, yaani kusafiri kwa tanga dhidi ya upepo: unafika, lakini kwa kupiga bisha nyingi, kukata huku na huku, na ukisahau tanga dakika mbili upepo unakurudisha.

Kinachoirekebisha saa ya mwili zaidi ya kitu kingine chochote ni mwanga. Jichoni mna seli ambazo kazi yake si kuona. Hupima mwanga na kupeleka habari kule chini ya ubongo kwamba kumekucha. Na hapa ndipo kuishi Malindi kunakukalia vibaya. Tuko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na saa mbili unapotoka wodini tayari linachoma. Taa za wodi hutoa luksi (kipimo cha mwanga) mia chache. Jua la nje ni makumi ya maelfu. Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya usiku mzima wa kujaribu kuisogeza saa yako, unatoka nje na jua linairudisha palepale. Hata bila hilo, saa ya mwili husogea kama saa moja tu kwa siku. Wiki ikiisha imesogea nusu njia, unapewa mapumziko, unarudi kulala usiku na familia, na kazi yote inaanza upya. Hata wale wanaofanya usiku peke yake mwaka mzima, wachache mno hugeuka sawasawa. Wanaosema wamezoea, wengi wao wamezoea kuchoka. Ukiwapima, wepesi wao wa kutenda umeshuka, na ukiwauliza wanakwambia wako sawa.

Kwa hiyo acha kungoja. Shughulika na mambo yanayoshikika.

Ukivuka lango la hospitali, vaa miwani myeusi ya jua. Mtandio uliovutwa mbele ya uso nao husaidia. (Hii ni kwa anayepakiwa, anayeendesha asijiongezee giza.) Wenzako wa Lamu wamepata afadhali bila kujua, maana vichochoro vya mji wa kale vina kivuli mpaka mchana. Wewe nenda moja kwa moja nyumbani. Usipitie sokoni. Asubuhi ndiyo saa ya samaki wa bei nzuri, nalijua hilo, lakini nusu saa juani ukichagua tafi na changu inatosha kuushawishi mwili kwamba siku imeanza. Samaki anunue bwana.

Nyumbani oga maji ya uvuguvugu, kula kidogo, ulale kabla ya kushika kazi yoyote. Mahamri mawili na mbaazi yanatosha. Shibe kubwa itakuamsha na kiungulia. Chumba kiwe na giza, ila hapa kuna mvutano ambao vitabu vilivyoandikwa nchi za baridi haviujui: ukiziba dirisha kuzuia mwanga, umeziba upepo. Na mwili haulali vizuri mpaka joto lake la ndani lishuke. Wakati wa Kaskazi, Disemba mpaka Machi, chumba cha mabati saa sita mchana hakilaliki. Ushauri wangu ni kuutanguliza upepo. Acha wazi dirisha la upande unaovuma, giza lilete kwa kufunga macho na kipande cha kanga kuukuu, laini, kilichokunjwa mara mbili. Feni ielekee mwilini. Ukipata ya kuchaji, kwa siku stima zinapopotea, utaishukuru. Neti ishuke hata mchana, kwa sababu mbu wa dengi, ugonjwa tunaoujua Pwani, huuma mchana. Na kama nyumba ya mavyaa ina chumba cha ukuta mnene wa mawe au paa la makuti, hicho ndicho cha kuomba, hata kama ni kidogo na kimejaa magunia.

Mavyaa tena. Usimwendee na habari za ubongo, na usimwendee peke yako. Hiyo ni kazi ya bwanako. Mama ni wake. Maneno yenyewe si mengi: "Mama, kwake yeye saa nne asubuhi ni kama saa nne usiku kwako. Nani hukugongea mlango saa hizo?" Kisha mpeni nafasi ya heshima katika mpango, kwamba mjukuu anakaa kwake mpaka adhuhuri na yeye ndiye mwenye mlango. Mkubwa akikabidhiwa jambo hulilinda. Akiletewa jambo lililokwisha kuamuliwa hulipinga. Mtoto naye, ukishaamka, mpe saa yake nzima bila simu mkononi. Ataacha kugonga akijua zamu yake ipo.

Nitasema jambo moja nililoliona miaka mingi katika kazi hii. Muuguzi mwanamume akitoka naiti, nyumba nzima hunong'ona. Muuguzi mwanamke akitoka naiti, anaulizwa chakula cha mchana ni nini. Joto na jua vinakuibia usingizi, lakini si zaidi ya hilo.

Kuhusu sala, maana najua utauliza: alasiri yetu huingia baada ya saa tisa. Ukilala saa tatu asubuhi ukaamka saa nane, adhuhuri bado unayo. Ukijikuta macho saa saba, usipigane na mto. Inuka, sali, kula, kaa na mtoto, kisha saa tisa na nusu jilaze tena saa moja au moja na nusu kabla ya kujiandaa. Watu wengi wanadhani usingizi wa vipande viwili si usingizi. Ni usingizi. Lengo lako ni jumla ya saa sita mpaka saba ndani ya saa 24, na hicho kipande cha alasiri ndicho kitakachokubeba saa kumi alfajiri. Siku ya kuanza naiti, lala mchana hata kama huna usingizi mwingi, tuseme saa nane mpaka saa kumi. Asubuhi ya kumaliza fanya kinyume chake: lala kwa muda wa saa mbili au tatu tu, amka, toka nje upigwe na jua, usiku lala mapema na wenzako.

Sasa Piriton. Nimeshangaa kidogo kwa sababu wewe unazijua dawa, lakini nimewaona wengi wenye elimu yako wakifanya hivyo hivyo. Hiyo ni dawa ya mzio. Usingizi wake ni madhara ya pembeni, na hukaa mwilini muda mrefu sana: vidonge unavyomeza saa tatu asubuhi bado vinafanya kazi saa nne usiku ukiwa umeshika bomba la sindano. Yaani ule ukungu wa kichwani unaoulaumu naiti, sehemu yake unaumeza mwenyewe. Zaidi ya hayo, baada ya siku chache mwili huizoea ile nguvu ya kulaza, mtu akaongeza kidonge cha tatu, huku kinywa kikauka na choo kikawa kigumu. Acha. Siku mbili tatu za kwanza utalala vibaya zaidi, kwa hiyo anza ukiwa katika mapumziko. Usikimbilie diazepamu, dawa ya kutuliza na kulaza, pia. Ile humnasa mtu, asiweze kulala bila yake. Melatonini ya vidonge haina hatari hizo, lakini usitarajie makubwa: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, mwaka 2014 yaliona inaongeza usingizi wa mchana wa watu wa zamu kwa wastani wa dakika 24. Ukitaka kuijaribu, shauriana kwanza na daktari, hasa kama mnapanga mtoto mwingine.

Kahawa ni rafiki ukijua saa ya kuagana naye. Hufanya kazi kwa kuizuia adenosini isikamate ubongoni; deni lenyewe hailigusi. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kahawa chungu ya saa nne usiku na nyingine ya saa saba ni sawa. Ya saa kumi na moja alfajiri, ile ya kujikokota mpaka ripoti, ndiyo inayokufungua macho saa sita mchana. Na kuna jambo ambalo wauguzi wengi hawajaambiwa: vidonge vya kupanga uzazi huchelewesha kafeini kutoka mwilini, kiasi cha kuongeza muda wake karibu mara mbili. Kama unavitumia, kikombe cha mwisho kiwe saa tano usiku. Chai ya rangi nayo ina kafeini, na vile vinywaji vya kopo vina kafeini pamoja na sukari ya kutosha watu watatu.

Sukari si neno la kupita, kwani kongosho nalo linafuata saa ya mwili. Chipsi na soda za saa nane usiku hupandisha sukari ya damu kuliko chakula kile kile ukikila mchana, na miaka ikipita hilo huonekana kiunoni na kwenye kipimo. Kula chakula chako kikubwa nyumbani kabla ya kutoka, wali na samaki, chochote. Wodini chukua kitu chepesi cha kabla au karibu na saa sita: yai, ndizi, uji usio na sukari nyingi, karanga. Baada ya hapo maji.

Ile saa kumi yako ya hesabu nataka tuiangalie vizuri, kwa sababu ndipo maisha ya wagonjwa yalipo. Saa hiyo joto la mwili liko chini kabisa, melatonini ni tele, deni ni la usiku mzima. Si bahati mbaya kwamba hesabu ilikataa wakati huo na si saa tatu usiku. Ulipomwita mwenzako ulifanya uuguzi hasa, usione haya. Ila liwe desturi badala ya kuwa jambo la kuponea. Dawa zile zisizosamehe, kama insulini, heparini, potasiamu ya mshipani, na magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba, kila mmoja wenu apige hesabu yake kwenye karatasi yake bila kuona ya mwenzake, kisha mlinganishe. Kumwonyesha mtu hesabu iliyokwisha na kumuuliza "si sawa?" hakusaidii kitu, mwenye usingizi hukubali. Na iwe karatasi, si kiganjani. Nimeona viganja vingi vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino, na jasho halijui tarakimu.

Halafu lala kidogo kazini. Najua katika wodi nyingi hilo ni kosa la kuandikiwa barua, kwa hiyo usiibe. Lipeleke kwa inchaji, msimamizi wa wodi, liwe utaratibu unaojulikana. Dakika 20 mpaka 30, kwa zamu, kati ya saa nane na saa tisa usiku, mmoja akiwa macho na wagonjwa. Hupunguza makosa kuliko kikombe cha tatu cha kahawa. Usizidishe nusu saa, kwa kuwa ukiamshwa kutoka usingizi mzito akili hubaki imelewa kwa muda. Ukiamka, nawa uso, tembea wodi, angalia dripu, na usiguse hesabu ya dawa kwa robo saa ya kwanza, nusu saa ikiwezekana. Kama mko wauguzi wawili kwa wagonjwa 40, utaniambia mpango huu ni ndoto, na usiku mwingine utakuwa na haki. Lakini usiku mwingine wodi hutulia, na kwenye usiku huo mnakaa wawili mkisinziana kwenye viti kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kulala.

Saratani. Mwaka 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, Shirika la Afya Duniani, liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, na 2019 likaiangalia upya kazi ya usiku likaiacha palepale. Hilo ni kweli. Ambalo halikuandikwa kwenye ulichosoma ni kwamba makundi yale hupanga uzito wa ushahidi, hayapangi ukubwa wa hatari. Nyama nyekundu imo katika kundi hilo hilo, na vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 pia, kwa hiyo chai yetu ya kutoka jikoni nayo imo. Tafiti zimeona uhusiano na saratani ya matiti hasa kwa waliofanya naiti miaka mingi, na si tafiti zote zilizokubaliana. Wewe una miaka minne. La kufanya ni lile ambalo ungemwambia mgonjwa wako: jijue matiti yako, ukiona uvimbe au mabadiliko nenda upesi, usikose kipimo cha mlango wa kizazi, angalia uzito. Ningekuwa wewe ningehofia zaidi sukari, presha na ile bodaboda.

Kama mnatafuta mimba, mwambie anayekuhudumia kwamba unafanya usiku. Tafiti kadhaa zimeona uhusiano, si mkubwa, kati ya naiti za mara kwa mara na mimba kuharibika, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba mchana kwa miezi hiyo.

Uombe kuondolewa, basi, au uache? Kuacha uuguzi usikufikirie wiki ya naiti. Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa na mtu aliyelala saa tatu huwa na makosa hata ya tahajia. Kuondolewa usiku kabisa kunawezekana mahali fulani, kliniki ya mama na mtoto au ya wagonjwa wa nje, lakini nafasi ni chache na wenye sababu za kiafya hutangulia, inavyostahili. Na kwa wengine posho ya usiku ndiyo karo ya shule. Ningeanza na ombi ambalo inchaji anaweza kulikubali bila kuajiri mtu: kuvunja ile wiki. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba hatari ya ajali kazini, ukilinganisha na usiku wa kwanza, ilizidi kwa karibu asilimia 6 usiku wa pili, asilimia 17 usiku wa tatu na asilimia 36 usiku wa nne. Wewe unafanya saba. Pangeni naiti mbili au tatu kisha mapumziko, na baada ya naiti ya mwisho usirudishwe mchana kabla ya siku mbili kamili. Idadi ya naiti kwa mwezi ni ile ile. Wapo wenzako watakaokataa, kwa kuwa wiki nzima ya usiku huwapa siku nyingi za mfululizo za kwenda nyumbani Taita au Kisii. Hiyo ni sababu ya kweli, msiidharau. Wanaotaka mfululizo waachiwe, wanaotaka vipande wapewe.

Peleka ombi kwa maandishi, kwa utulivu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamwajibisha mwajiri kulinda afya yako ukiwa kazini. Huna haja ya kuzinukuu kwenye barua ya kwanza. Lile tukio la hesabu litafaa zaidi: "Tulikaribia kukosea dozi saa kumi alfajiri, usiku wa sita mfululizo." Msimamizi yeyote wa wodi anaielewa sentensi hiyo.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi, na la kwanza umeshanieleza. Umesinzia barabarani na unatumia dawa kulala, kwa hiyo muone daktari ndani ya wiki hii, uso kwa uso. Kama unaona haya kutibiwa na watu unaokula nao, nenda Kilifi au Mombasa. Wauguzi wengi hufanya hivyo na hakuna ubaya. Omba upimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wako ni mwingi na uchovu wake unafanana kabisa na wa naiti. Wapime pia tezi la shingo, sukari na presha. Mwambie kama unakoroma au bwanako amekusikia pumzi ikikatika usingizini. Kama una kifafa, au ugonjwa wa sukari wa kuchoma insulini, usimfiche. Hali hizo zinabadilisha kabisa swali la kufanya usiku. Na ikiwa hata siku za mapumziko, ukiwa umelala vya kutosha, huna raha na kitu chochote, unalia bila sababu au unajiwa na mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Ukienda, beba daftari la wiki mbili kama unaweza. Kama huwezi, hata la siku nne. Andika saa uliyolala na uliyoamka, kilichokuamsha, kahawa ya mwisho saa ngapi, kidonge gani. Usiandike kwa uzuri. Andika ulivyo, pamoja na siku uliyolala kwa saa mbili tu kwa sababu kulikuwa na harusi kwa jirani.